Hukumu Sita Zisizokuwapo: Uchambuzi wa Kisa cha Mawakili na ChatGPT

Kisa hiki, cha mawakili waliowasilisha mahakamani hukumu sita zilizobuniwa na ChatGPT, programu ya akili mnemba inayojibu maswali kwa maandishi, kilitokea New York mwaka 2023 na kiko kwenye kumbukumbu za wazi za mahakama. Majina ya mawakili, mteja wao, shirika la ndege na kesi zilizohusika yameondolewa, kwa kuwa ofisi nyingi leo hutumia zana zilezile kwa namna ileile, na kosa hili lingeweza kutokea katika yoyote kati ya hizo. Tarehe, kiasi cha fedha na mfuatano wa matukio vimeachwa kama vilivyo. Wakili aliyefanya utafiti ataitwa Wakili A, na aliyetia saini ataitwa Wakili B.

## Usuli

Agosti 2019 abiria mmoja alipanda ndege kutoka El Salvador kwenda New York. Baadaye alidai kwamba toroli la chuma la kugawia chakula lilimgonga goti na kumjeruhi. Safari ya kimataifa ya namna hii huongozwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, na kifungu cha 35 cha mkataba huo humpa abiria miaka miwili tangu ndege ifike. Miaka miwili ikipita, haki ya kudai imekwisha. Shauri tunalolizungumzia lilifunguliwa Februari 2022, miezi mitano na zaidi baada ya muda huo kuisha.

Upande wa mdai haukuwa mtupu kabisa. Mwaka 2020 shirika la ndege liliomba ulinzi wa kufilisika, na kwa sheria ya Marekani ombi kama hilo husimamisha papo hapo mashauri dhidi ya mdaiwa. Je, saa ya ukomo, yaani ya muda wa mwisho wa kufungua shauri, nayo husimama? Hoja hiyo ni nyembamba, lakini wakili makini angeweza kuitetea kwa kutumia hukumu zilizopo, au kusema wazi kwamba hukumu zilizopo hazimsaidii na kuiomba mahakama iangalie upya.

Wakili A alikuwa na uzoefu wa miaka 30, karibu wote katika mahakama za jimbo. Shirika lilipolihamishia shauri mahakama ya shirikisho, ambako A hakuwa na kibali cha kusimama, mwenzake wa ofisi hiyohiyo, Wakili B, akawa ndiye wakili wa shauri kwenye karatasi. A aliendelea kufanya kazi yote, na B akawa anasaini. Walikuwa wamefanya kazi pamoja kwa takribani miaka 25, na mpangilio huo haukumtia yeyote wasiwasi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo watu hulipita haraka wanaposimulia kisa hiki. Ofisi ilikuwa ndogo, na haikulipia hifadhidata kubwa za sheria. Ile iliyokuwa nayo ilifikia kesi za shirikisho kwa sehemu tu. Wakili A alikuwa na tarehe ya mwisho mbele yake, eneo la sheria asilolizoea na maktaba yenye pengo. Watu wengi wanaokimbilia zana za bure hukimbia kutoka katika hali kama hiyo hasa.

## Zana yenyewe ilivyokuwa ikifanya kazi

ChatGPT ilifunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022. Toleo la bure lililotumiwa na wengi mwanzoni mwa 2023 lilitegemea modeli ya GPT-3.5. Maandishi yaliyotumika kuifunza yaliishia Septemba 2021, na toleo lile halikuunganishwa na intaneti wala na hifadhidata yoyote ya hukumu. Ukiliuliza kesi, halikuwa na mahali pa kwenda kuitafuta.

Maandishi unayoingiza hukatwa vipande vidogo viitwavyo tokeni. Kipande kinaweza kuwa neno zima, sehemu ya neno au alama. Modeli hukokotoa, kwa kila tokeni iliyo katika msamiati wake, uwezekano wa kuwa ndiyo inayofuata. Moja huchaguliwa, huongezwa mwishoni, kisha hesabu huanza upya. Jibu la kurasa mbili huzaliwa kwa kurudia hatua hiyo mamia ya mara, na hakuna hata hatua moja ambapo sentensi iliyokamilika huchukuliwa na kulinganishwa na chanzo. Uchaguzi wenyewe una bahati nasibu kidogo ndani yake, ndiyo maana swali lilelile likiulizwa mara mbili laweza kupata majibu mawili tofauti.

Sasa chukua rejea ya hukumu. Marekani huandika jina la mdai, jina la mdaiwa, namba ya juzuu, kifupi cha ripoti, ukurasa, mahakama na mwaka. Umbo hilo hujirudia katika nyaraka nyingi mno, na modeli hulijifunza vizuri sana. Kukumbuka kwamba juzuu fulani katika ukurasa fulani ina kesi fulani ni kazi nyingine kabisa, kwani taarifa hiyo huenda ilionekana mara chache tu katika maandishi ya mafunzo, au haikuonekana hata mara moja. Kwa hiyo umbo hutoka sahihi, na nafasi zilizo wazi hujazwa kwa kinachoelekea kufaa. Rejea zetu za Afrika Mashariki haziko salama zaidi. Za TanzLII, hifadhidata ya hukumu za Tanzania, huandikwa mwaka ndani ya mabano ya mraba, kisha TZCA (Mahakama ya Rufani) au TZHC (Mahakama Kuu), kisha namba. Za Kenya Law, hifadhidata ya Kenya, hutumia KECA au KEHC kwa mahakama kama hizo na kumalizia na KLR. Aliyeziona kumi anaweza kuandika ya kumi na moja isiyokuwapo.

Baada ya mafunzo ya awali huja awamu ya pili, ambapo binadamu hulinganisha majibu na kuonyesha lililo bora, na modeli husukumwa kuelekea majibu ya namna hiyo. Hapo ndipo inapopata adabu, mpangilio na ile sauti ya kujiamini. Sehemu nyingine ya kazi ya mikono ilifanyika Nairobi. Iliripotiwa Januari 2023 kwamba wafanyakazi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa waliweka alama kwenye maandishi ya ukatili na unyanyasaji wa kingono ili kujenga chujio la kuyazuia, na waliohojiwa walisema kazi ile iliwajeruhi kiakili. Watu hawa wanastahili kutajwa kila zana hizi zinapoelezwa kana kwamba zilijitengeneza zenyewe. Ila chujio walilolijenga lilitafuta maneno machafu. Rejea iliyobuniwa haina neno chafu hata moja, nayo hupita bila kuguswa.

## Mfuatano wa matukio

Tarehe 13 Januari 2023 shirika la ndege liliomba shauri litupwe kwa kupitwa na wakati. Wakili A alihitaji kesi za shirikisho, hifadhidata ya ofisi haikumpa, akafungua ChatGPT, ambayo alikuwa ameisikia katika habari na kwa watu wa familia yake. Aliamini ni mtambo wa kutafutia, wenye nguvu kuliko ile aliyoizoea.

Mazungumzo yake yaliwasilishwa mahakamani baadaye, na maswali yenyewe yanafundisha. La kwanza liliiagiza programu itoe hoja kwamba ukomo chini ya Mkataba wa Montreal husimama mdaiwa anapofilisika. Jibu likaja la jumla, bila kesi za kushika. Akaomba kesi zinazounga mkono hoja hiyo. Kisha akaomba maamuzi mahususi ya mahakama za shirikisho ambapo ukomo ulisimama kwa sababu shirika la ndege limefilisika. Kisha akaomba kesi zaidi. Kila hatua ilipewa ilichoomba.

Waraka wa kupinga ombi la shirika uliwasilishwa tarehe 1 Machi ukiwa na saini ya Wakili B, ambaye alithibitisha yaliyomo huku akijua kwamba uongo ungekuwa kosa la jinai. B alikuwa ameusoma kwa mtindo na mtiririko wa lugha. Hakufungua hata kesi moja kati ya zilizotajwa.

Mawakili wa shirika, waliobobea katika sheria za usafiri wa anga, walijibu tarehe 15 Machi na kuieleza mahakama kwamba kesi nyingi zilizotajwa hazipatikani. Upande wa mdai haukujibu kitu. Karibu wiki nne zikapita.

Tarehe 11 Aprili jaji aliagiza nakala za hukumu hizo ziambatishwe kwenye hati ya kiapo. Wakili B aliomba muda zaidi akisema yuko likizo, ingawa aliyekuwa likizo ni Wakili A. Hati ilikuja tarehe 25 Aprili. Kesi moja ilitajwa kuwa haikupatikana. Nyingine ziliambatishwa, pamoja na maelezo kwamba huenda si hukumu kamili bali ni kile kinachotolewa na hifadhidata ya mtandaoni. Ni hifadhidata gani, hati haikusema. Maandishi yale yalitoka ChatGPT: Wakili A alikuwa amerudi kwenye programu ileile na kuiomba imwandikie hukumu zenyewe.

Jaji aliyahakiki mwenyewe. Ofisi ya karani wa mahakama ya rufani iliyodaiwa kutoa hukumu kuu kati ya zilizotajwa ilithibitisha kwamba haina kesi hiyo. Tarehe 4 Mei jaji alitoa amri akisema kesi 6 zinaonekana kuwa za bandia, zikiwa na nukuu za bandia na rejea za ndani za bandia, na akawataka mawakili waeleze kwa nini wasiadhibiwe. Jina la ChatGPT liliingia mahakamani kwa mara ya kwanza mwishoni mwa Mei, kwenye kiapo cha Wakili A. Tarehe 8 Juni walihojiwa mbele ya jaji.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kuanza na ChatGPT ulieleweka. Zana ilikuwa bure, ilijibu papo hapo, na hoja za jumla ilizotoa mwanzoni zilikuwa na mantiki. Jaji mwenyewe aliandika kwamba kutumia zana ya akili mnemba inayotegemeka kwa msaada si kosa.

Uamuzi wa pili ndio mzito. Wakili A alikiri kwamba alijaribu kuitafuta kesi kuu mahali pengine na hakuiona. Alijieleza kwamba huenda haikuchapishwa, au ilikatiwa rufaa, au ni ngumu kuipata. Ila rejea yenyewe ilikuwa na kifupi cha F.3d, yaani mfululizo wa tatu wa ripoti zilizochapishwa za mahakama za rufani za shirikisho. Kesi yenye kifupi hicho imechapishwa. Haiwezi kuwa haijachapishwa. Alipoulizwa kifupi kile kina maana gani, alisema alidhani kinahusu wilaya ya shirikisho, idara ya tatu. Asiyejua kusoma rejea hawezi kuona kwamba rejea inajipinga.

Badala ya kutafuta msaada nje, akaiuliza programu: je, kesi hii ni ya kweli? Ikasema ndiyo. Akauliza chanzo chake ni nini. Ikaomba radhi kwa mkanganyiko, ikadai imehakiki tena na kwamba kesi ipo na inapatikana kwenye hifadhidata mbili kubwa za sheria, ikazitaja kwa majina. Akauliza kama kesi nyingine ni za uongo. Ikajibu kwamba zote ni za kweli. Ofisi haikuwa na hifadhidata hizo mbili, kwa hiyo jibu lile lilimwelekeza mahali ambapo hakuweza kuingia.

Wakili B aliamua kutia saini kwa kuamini ushirikiano wa miaka 25. Na wote wawili, baada ya 15 Machi, waliamua kunyamaza, kisha kuwasilisha nakala ambazo mtu aliyezisoma kwa makini angezishuku.

## Matokeo

Hukumu ya adhabu ilitolewa tarehe 22 Juni 2023. Mawakili wote wawili na ofisi yao walitozwa kwa pamoja dola 5,000, zilipwe mahakamani ndani ya siku 14. Waliamriwa pia kumwandikia mteja wao barua, na kumwandikia kila jaji ambaye jina lake liliwekwa kwenye hukumu za bandia, wakiambatisha uamuzi, kumbukumbu za kikao na ile hati ya 25 Aprili. Siku hiyohiyo shauri la abiria lilitupwa kwa kupitwa na wakati.

Jaji alieleza madhara kwa upana kuliko dola 5,000. Upande wa pili ulipoteza muda na fedha kutafuta vitu visivyokuwapo, na mahakama nayo ikapoteza muda wake. Mteja alinyimwa hoja ambazo zingetokana na hukumu za kweli. Majaji halisi walibandikwa maneno wasiyoyasema. Kubwa zaidi, mtu anayetaka kukaidi amri halali kesho anaweza kujisingizia kuwa na shaka kama amri hiyo ni ya kweli.

## Uchambuzi

### Swali lililoelekeza jibu

Tazama tena maswali. Hakuna hata moja lililouliza: mahakama zimesemaje kuhusu ukomo wa Mkataba wa Montreal mdaiwa anapofilisika, kwa pande zote mbili? Yote yalibeba jibu ndani yake. Modeli inayokamilisha maandishi kwa kinachoelekea kufaa, ikipewa sentensi inayodai kesi za upande mmoja, huona kwamba kinachofaa kufuata ni orodha ya kesi za upande huo. Kesi kama hizo zisipokuwapo, orodha huja hata hivyo. Wakili A alipata onyo mapema, bila kulitambua: jibu la kwanza lilikuwa la jumla. Kusita kule kwa mwanzo kulipaswa kumwambia kwamba pengine hakuna kesi za kutajwa. Yeye akaongeza shinikizo.

Agizo lisilobeba jibu hupunguza tatizo, lakini haliliondoi. Unaweza kuomba hoja za pande zote, na kuruhusu waziwazi jibu la kwamba hakuna kesi. Hata hapo, kila rejea itakayotoka ibaki kuwa dokezo la kwenda kutafuta.

### Kuiuliza zana kuhusu zana

Hapa ndipo wengi hurudia kosa hadi leo, wakiwemo walimu, waandishi wa habari na maofisa mipango. Ukiuliza "una uhakika?", programu haiendi kukagua. Swali lako huongezwa chini ya mazungumzo yaliyotangulia, na jibu jipya hukokotolewa kutokana na maandishi yote yaliyo juu, pamoja na ile rejea ya uongo. Mazungumzo yenyewe yamekuwa ushahidi wake. Maneno kama "nimehakiki tena" ni maneno tu ambayo mara nyingi hufuata swali la namna hiyo. Wakati mwingine programu hugeuka na kukana jambo ambalo ni la kweli, kwa sababu tu muulizaji ameonyesha shaka. Ndiyo yake na hapana yake hazina uzito wa ushahidi.

Kuomba nakala kamili kwenye programu ileile ni kosa hilohilo kwa ukubwa zaidi. Aliyeweza kubuni mstari mmoja wa rejea anaweza kubuni kurasa kadhaa za hukumu.

### Dalili zilizokuwa ndani ya maandishi

Hukumu zile zilikuwa na makosa ambayo jaji aliyaorodhesha moja baada ya jingine, na orodha hiyo ni zana nzuri ya kazi kwa yeyote anayehakiki maandishi ya mashine. Kesi kuu ilianza kama dai la msimamizi wa mirathi ya abiria aliyefariki, na mbele kidogo ikageuka kuwa dai la mtu mwingine aliyekosa ndege ya kuunganisha. Namba yake ya jalada ilikuwa ya kesi nyingine kabisa. Juzuu na ukurasa vilivyotajwa viliangukia katikati ya hukumu ya mahakama ya rufani ya Washington, D.C. Mmoja wa majaji watatu waliotajwa alikuwa jaji wa mahakama nyingine ya rufani. Kesi nyingine, iliyodai kuamuliwa 1999, ilieleza kwamba shirika moja kubwa la Marekani lilifilisika mwaka 1992, ilhali shirika hilo liliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2002.

Makosa haya yana tabia moja. Kila sentensi ikisomwa peke yake inakubalika. Kasoro huonekana pale sentensi mbili zilizo mbali zinapowekwa bega kwa bega: mdai wa aya ya kwanza na mdai wa aya ya sita, mwaka wa uamuzi na mwaka wa tukio, jaji na mahakama yake. Wakili B alisoma kwa mtiririko, na mtiririko ndicho kitu ambacho modeli hukifanya vizuri kuliko vyote. Aliyekagua kwa kulinganisha angeyaona haya bila hifadhidata yoyote ya kulipia.

### Kilichofanya kazi

Mfumo wa pande mbili ulifanya kazi. Mawakili wa shirika walifungua kila rejea, wakasema hazionekani. Jaji naye hakuishia kwenye hifadhidata. Alihakikisha mahakama inayodaiwa kutoa hukumu inaulizwa. Bila upande wa pili wenye ujuzi na fedha, rejea zile zingeweza kuingia kwenye uamuzi. Katika mashauri ambayo mtu hana wakili, au ripoti ya mradi isiyo na mpinzani wa kuisoma, hakuna anayefungua rejea kwa niaba yako.

### Wiki kumi za kunyamaza

Kutoka 15 Machi hadi mwishoni mwa Mei ni wiki kumi. Jaji aliandika wazi kwamba mambo yangekuwa tofauti sana kama mawakili wangekiri mara tu upande wa pili uliposema kesi hazipatikani. Adhabu ilitokana na nia mbaya, na nia mbaya ilionekana katika mambo yaliyofuata waraka wa kwanza: ukimya, uongo kuhusu likizo, nakala zilizotolewa kana kwamba zimetoka hifadhidata. Kwa maoni yetu hiki ndicho kiini cha kisa. Zana ilizalisha rejea sita. Binadamu ndio waliozitetea. Barua fupi tarehe 16 Machi, ikisema kwamba rejea hizi zilitoka kwenye programu ya akili mnemba, hazijahakikiwa, na zinaondolewa, ingewaokoa mawakili na kumwachia mteja nafasi ya hoja ya kweli.

### Siri ya mteja

Katika maswali yaliyowekwa wazi mahakamani, Wakili A aliuliza juu ya sheria na hakuingiza jina la mteja wala taarifa zake za matibabu. Hilo lilimsaidia kuliko alivyojua. Tarehe 20 Machi 2023, siku tano baada ya upande wa pili kulalamika, hitilafu katika ChatGPT iliwaonyesha baadhi ya watumiaji vichwa vya mazungumzo ya wengine, na ikafichua taarifa za malipo za sehemu ndogo ya waliojiandikisha kwa kulipia. Wakati huo mazungumzo ya watumiaji wa kawaida yaliweza kutumika kufunza modeli. Kitufe cha kuzima historia na matumizi hayo kilianza kutolewa tarehe 25 Aprili, na hata kikizimwa mazungumzo yalihifadhiwa kwa siku 30. Mwaka 2025 mahakama ya shirikisho ya New York, katika mgogoro wa hakimiliki, iliiamuru OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, kwa miezi kadhaa isifute kumbukumbu ambazo watumiaji walidhani wamezifuta.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina sheria yake ya 2019. Anayebandika faili la mgonjwa au mkataba wa mteja kwenye akaunti ya bure anapeleka taarifa hizo kwenye seva za kampuni ya nje, na wajibu wa kisheria unabaki kwake. Badilisha majina kuwa herufi, ondoa tarehe za kuzaliwa, namba za vitambulisho, simu na maeneo madogo, kisha ujiulize kama mtu wa mji huo bado angemtambua mhusika. Akitambulika, usiingize.

### Zana mpya na tatizo lilelile

Zana za sasa nyingi hutafuta mtandaoni au katika hifadhidata kabla ya kujibu, na huweka viungo. Ni hatua ya kweli. Hata hivyo utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa 2024 ulipima zana za sheria za kulipia zilizojengwa kwa namna hiyo, na ukakuta majibu yenye makosa au yaliyobuniwa zaidi ya asilimia 17 kwa baadhi yake na zaidi ya asilimia 34 kwa moja. Kosa limehama. Kesi sasa ipo, lakini haisemi kile inachodaiwa kusema, au imeshatenguliwa. Kiungo kinachofunguka humpumzisha msomaji mapema. Juni 2025 Mahakama Kuu ya Uingereza ilishughulikia shauri moja la madai ambapo kati ya rejea 45 zilizowasilishwa, 18 hazikuwapo.

## Namna ya kuhakiki rejea moja

Kazi hii ifanywe nje ya programu iliyotoa rejea, na ikiwezekana ifanywe na mtu asiyeandika waraka. Anza na jina la kesi kwenye hifadhidata rasmi. TanzLII na Kenya Law ni bure, na Uganda ina ULII. Ukilipata jina, linganisha namba, mahakama, mwaka na majaji. Kimoja kisipolingana, hesabu kwamba hujaipata. Kisha fungua hukumu yenyewe na utafute nukuu neno kwa neno. Nukuu isipoonekana, iondoe, hata kama wazo lake linafanana na la hukumu. Soma aya zilizo juu na chini yake, kwa sababu mara nyingi jaji huwa anarudia hoja ya upande mmoja kabla ya kuikataa. Mwisho angalia kama hukumu imekatiwa rufaa au kutenguliwa. Kwenye rasimu, andika pembeni ya kila rejea herufi za jina la aliyeifungua na tarehe. Rejea isiyo na alama hiyo haipelekwi kusainiwa.

Usipoipata, jaribu namba ya jalada na majina ya pande kwa tahajia nyingine, kwa sababu hifadhidata zetu bado zina mapengo, hasa kwa maamuzi ya zamani na ya mahakama za chini. Ikishindikana, mwulize msajili wa mahakama husika kwa jina na namba ya jalada. Jibu lake lisipofika kabla ya tarehe ya kuwasilisha, rejea hiyo haiingii kwenye waraka, na hoja iliyoegemea juu yake huandikwa upya au huachwa.